Mtoto Akiambiwa Ana Usonji: Mzazi Ana Haki ya Kuuliza



Kazi ya chama ni mshahara, zamu, nyumba za kambini na usalama kazini. Hayo ndiyo tuliyofundishwa na ndiyo tunayoyaweza. Lakini mambo ya nyumbani humfuata mtu mpaka kazini, na mwaka juzi, siku ya mshahara, moja la namna hiyo liliingia ofisi ya tawi letu hapa Uganda, nasi hatukujua tuliweke wapi.

Dereva wa trekta katika shamba la miwa, mwanachama wa siku nyingi, aliweka karatasi mezani. Ilikuwa karatasi ya hospitali, imeandikwa Kiingereza, inamhusu mwanawe wa kiume wa miaka mitatu na miezi minne. Ilisema mambo mawili: kwamba mtoto amechelewa kukua, na kwamba ana usonji.

"Ndugu katibu," akasema, "nataka chama kimwandikie huyu daktari barua kama mnavyomwandikia meneja. Mtoto wangu amemtazama robo saa tu. Hata trekta likizima njiani, fundi halimalizi kwa robo saa."

Tulimwuliza mtoto yukoje. Akasema hasemi neno, lakini ni mzima, anakula, anakimbia. Hukusanya vizibo vya soda akavipanga mstari mmoja kutoka mlangoni mpaka kitandani, na mtu akiondoa kizibo kimoja hulia mpaka usiku. Akiitwa jina hageuki. Lakini trekta la baba yake likiingia kambini hukimbilia mlangoni. "Kiziwi hasikii trekta," akasema yule baba. "Kwa hiyo anasikia. Ni mkaidi tu kama babu yake."

Barua hatukuiandika. Daktari si mwajiri wake, na chama hakiwezi kupinga maneno ya hospitali kwa kupiga muhuri. Lakini hatukumwambia aende zake pia. Kadiri tulivyoulizia jambo hili ndivyo tulivyoona kwamba ndugu yetu alikuwa na haki katika sehemu moja na amekosea katika sehemu nyingine, na kwamba wazazi wengi kambini wanachanganya sehemu hizo mbili. Tunaandika ili wengine wasichanganye.

MAJINA MAWILI KATIKA KARATASI MOJA

Kwanza tueleze maneno yenyewe, maana hata sisi tuliosoma darasa la saba tulilazimika kueleweshwa na muuguzi wa zahanati ya shamba, ambaye ni mwanachama mwenzetu.

Kuchelewa kukua maana yake ni kwamba mtoto hajafikia hatua ambazo wenzake wa umri wake wamezifikia, tena si katika jambo moja tu bali katika mambo mawili au zaidi: kutembea, kutumia mikono, kusema, kuelewa, kujilisha na kuvaa. Jina hilo hutumika kwa mtoto wa chini ya miaka 5, naye hupimwa tena akikua. Ni jina la kungojea. Linasema mtoto yuko nyuma, halisemi kwa sababu gani, wala halisemi atabaki nyuma siku zote.

Usonji ni jambo jingine. Hapo ubongo wa mtoto umekua kwa njia yake tangu mapema sana. Dalili ziko za namna mbili, na lazima zote ziwepo. Namna ya kwanza ni katika kuhusiana na watu: hageuki akiitwa, haonyeshi kitu kwa kidole ili na wewe ukitazame, hatafuti macho yako, maneno hayaji au yanakuja kwa namna isiyo ya kawaida. Namna ya pili ni kurudiarudia na kushikilia: kupanga vitu, kuzungushazungusha, kutaka njia ile ile na sahani ile ile, kuziba masikio kwa sauti ambayo wengine hawaioni kitu. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 mtu 1 katika kila watu 127 alikuwa na usonji. Kwa hiyo katika kambi yenye familia nyingi kama zetu, yule wa dereva hawezi kuwa wa pekee. Usonji si wazimu, hauambukizi, wala si mtindio wa ubongo, ambao ni shida ya viungo na mwendo inayotokana na ubongo kuumia au kutokua sawasawa kabla ya kuzaliwa au katika utoto mchanga.

Sasa, sikilizeni hili. Hakuna kipimo cha damu kinachoonyesha usonji, wala picha ya kichwa. Mtaalamu huujua kwa kumtazama mtoto akicheza na kwa kuwauliza waliomlea. Kama ndivyo, basi muda aliotazamwa na lugha iliyotumika ndiyo kipimo chenyewe. Ndugu yetu aliposema robo saa, hakusema upuuzi.

SHAKA ILIYO NA HAKI

Tulikaa naye pamoja na yule muuguzi, tukaipitia karatasi mstari kwa mstari. Mambo matatu yalitoka.

La kwanza ni masikio. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba masikio yamepimwa. Tulimwuliza mama yake, akasema mtoto alitoka usaha sikioni mara kwa mara tangu kuota meno, na akapewa matone. Yule baba akarudia habari ya trekta. Muuguzi akamweleza, na hapa sote tulijifunza: sauti nzito ya injini humfikia hata mtoto ambaye masikio yake yameziba nusu, na zaidi ya hayo ardhi hutetemeka. Sauti ya mtu akisema "njoo" au "sahani" ni nyepesi, nayo hupotea. Mtoto anaweza kulikimbilia trekta na bado asisikie maneno. Kwa hiyo mtoto yeyote asiyesema hana budi kupimwa masikio kwanza, na kumpigia kofi nyuma ya kichwa uone kama atashtuka si kipimo.

La pili ni lugha. Nyumbani kwao ni Kilugbara, kwa kuwa wazazi wametoka upande wa Arua. Nje ya mlango watoto wanacheza kwa Kisoga. Baba na wenzake kazini hutumia Kiswahili. Pale hospitali mtoto aliambiwa afanye hiki na kile kwa Kiingereza na Kiganda. Huyo mtoto angewezaje kutii? Tusieleweke vibaya: lugha nyingi hazileti usonji wala hazimcheleweshi mtoto, na wanaowashauri wazazi waache lugha ya nyumbani wanawapoteza. Lakini kumpima mtoto kwa lugha asiyoisikia nyumbani ni sawa na kumpima mkata miwa kazi kwa kumpa usukani.

La tatu tusingeligundua sisi. Muuguzi aliona kwamba karatasi ya maswali iliyobandikwa nyuma, yenye maswali 20 ya ndiyo na hapana, ni ile iliyotengenezwa kwa watoto wa miezi 16 mpaka 30. Huyu alikuwa na miezi 40. Tena karatasi hiyo ni ya kuchuja tu, haitoi hukumu. Ilipofanyiwa uchunguzi Marekani, katika watoto waliobaki na alama mbaya hata baada ya wazazi kuulizwa mara ya pili, karibu nusu ndio walioonekana kuwa na usonji. Lakini msishangilie mapema, kwa kuwa karibu wote waliobaki walikuwa wanachelewa kwa njia nyingine. Mchujo ukimkamata mtoto, mara nyingi kuna jambo, hata kama jina silo.

Yako na mengine ambayo mzazi anapaswa kuyataja hospitali hata asipoulizwa: mtoto alilia mara tu alipozaliwa au alikawia, alipata umanjano mkali akiwa mchanga, alipata malaria ya kichwani au degedege, anazubaa ghafla kama aliyezima, ambayo huweza kuwa kifafa, aliwahi kukonda sana kwa njaa. Na kama alikuwa na maneno yakapotea, hilo lisemwe kwanza kabisa.

SHAKA ISIYO NA HAKI

Hapa ndipo tulipokosana na ndugu yetu kidogo. Alipoona muuguzi amekubali mambo matatu, alikunja karatasi akataka kuondoka. "Basi imekwisha," akasema, "mtoto ni mzima." Haikuisha. Kusema kwamba kipimo hakikufanywa vizuri si kusema kwamba mtoto hana shida. Mtoto wa miezi 40 asiye na neno katika lugha yoyote, asiyeonyesha kitu kwa kidole, ana shida, hata karatasi ingeandikwa na mlevi.

Sababu tunazozisikia kambini ni nyingi. Ati wavulana huchelewa. Ati mjomba wake naye alisema akiwa na miaka mitano. Ati ni sindano za chanjo. Hii ya chanjo ilitoka Uingereza: mwaka 1998 daktari mmoja, Andrew Wakefield, aliandika habari za watoto 12 katika jarida la Lancet na kuifanya chanjo ya surua ishukiwe. Mwaka 2010 jarida lilifuta maandishi yale, na yeye akaondolewa katika orodha ya madaktari. Uchunguzi wa watoto wengi mno katika nchi mbalimbali haukuona uhusiano wowote. Surua, kinyume chake, huua na huacha viziwi.

Na sababu iliyo mbaya kuliko zote ni ile ya kumsingizia mama: hakumpenda, hakuongea naye, alitembea usiku akiwa na mimba, amerogwa na mke mwenza. Msidhani ni watu wa vijijini tu walio na maneno hayo. Madaktari wa Ulaya na Marekani waliyasema kwa miaka zaidi ya 20, kwa suti na miwani. Leo Kanner, daktari wa hospitali ya Johns Hopkins mjini Baltimore aliyeeleza usonji mwaka 1943 kwa kuandika juu ya watoto 11, baadaye aliandika kana kwamba ubaridi wa wazazi ndio chanzo. Bruno Bettelheim alitoa kitabu kizima cha namna hiyo mwaka 1967. Kina mama wakaambiwa wao ndio waliowagandisha watoto wao.

Nani aliwatetea? Wazazi wenyewe, walipoacha kulia kila mmoja nyumbani kwake wakaunda chama. Uingereza waliunda mwaka 1962. Marekani, Bernard Rimland, mtaalamu wa saikolojia katika jeshi la wanamaji na baba wa mtoto mwenye usonji, alichapisha kitabu mwaka 1964 kuonyesha kwamba chanzo kiko katika mwili wa mtoto wala si katika mapenzi ya mama, na mwaka uliofuata wakaunda chama chao. Mwaka 1969 Kanner mwenyewe alisimama mbele ya mkutano wa wazazi hao akatamka kwamba anawaondolea lawama. Sisi watu wa vyama tuliposoma hayo tulitazamana tu.

MTOTO NAMBARI MOJA

Katika wale watoto 11 wa Kanner, wa kwanza aliitwa Donald Triplett, wa mji mdogo wa Forest, jimbo la Mississippi, aliyezaliwa mwaka 1933. Habari zake zinafaa kwa kuwa wazazi wake nao walimtilia shaka daktari. Mwaka 1937, akiwa hajatimiza miaka minne, madaktari waliwashauri wampeleke katika nyumba ya watoto mbali na nyumbani. Wakampeleka. Mwaka uliofuata hawakuvumilia tena, wakaenda kumtoa ingawa mkuu wa nyumba ile hakutaka. Lakini hawakumfungia nyumbani wakasema ni mzima. Baba yake alimwandikia Kanner barua ya kurasa 33, akaeleza kila kitu, kuanzia alivyokula mpaka alivyozungusha masufuria, kisha wakampeleka Baltimore apimwe upya.

Tusidanganyane: baba yule alikuwa mwanasheria, na ukoo wa mama ulikuwa na benki. Wengi wetu hatuna hata akaunti. Lakini tazameni kilichomsaidia baadaye. Kwa miaka kadhaa alikaa kwa mume na mke wakulima, watu wa kawaida, ambao hawakumkataza kuhesabu; walimpa shamba la mahindi ahesabu mistari huku akilima. Alimaliza chuo mwaka 1958, akafanya kazi benki, akaendesha gari, akasafiri nchi nyingi, na akafa mwaka 2023 akiwa na miaka 89. Alibaki na usonji wake mpaka mwisho. Wazazi wake walikuwa wamekataa hukumu juu ya mahali pa kumweka. Haja zake hawakuzikataa.

TULIVYOFANYA

Badala ya barua ya malalamiko, tuliandika karatasi ya maswali kwa Kiingereza chepesi, ndugu yetu akatia sahihi yake mwenyewe. Iliomba masikio yapimwe. Iliuliza kama mtoto aweza kutazamwa tena kwa muda mrefu zaidi, akiwapo mtu anayejua Kilugbara. Iliuliza ni dalili zipi zilizoonekana na zipi hazikuonekana. Iliuliza nyumbani wafanye nini kuanzia juma lile. Swali la mwisho ndilo lililokuwa na thamani zaidi, kwa maana mara ya kwanza walikuwa wamepewa majina mawili bila kazi yoyote ya kufanya.

Masikio yalipimwa. Moja lilikuwa na usaha na kusikia kwake kulikuwa kumepungua. Yalitibiwa kwa muda wa miezi. Mara ya pili mtoto alitazamwa na mtaalamu mwingine, karibu saa mbili, sakafuni, na shangazi yake akasema naye kwa lugha ya nyumbani. Alipewa vibao vya kupachika, akavipachika kama mtoto wa umri wake. Mikono na miguu ilikuwa sawa. Basi lile jina la kuchelewa kukua lilipunguzwa, likabaki kuchelewa kusema. Usonji ulibaki.

Ndugu yetu alikaa kimya njia nzima kurudi. Mke wake ndiye aliyetueleza kwamba usiku ule alikusanya vizibo akavipanga na mwanawe, cha kwake, cha mtoto, cha kwake, cha mtoto, na mtoto hakulia.

Bila kujua, alikuwa ameanza matibabu. Muuguzi alitueleza kwamba mafunzo ya Shirika la Afya Duniani kwa familia yanafanana na hayo: kaa chini, uso wako uwe karibu na wake, fuata anachocheza badala ya kumnyang'anya, taja kitu kwa neno moja au mawili, kisha ngoja. Kungoja ndiko kugumu. Fanya hivyo wakati wa kula posho, wa kuoga, wa kuvaa, kila siku kidogo kidogo. Mwonyeshe kitu kabla ya tendo, beseni kabla ya kuoga, kikombe kabla ya chai, apate kujua kinachokuja. Kazi hii haingoji karatasi ya mwisho ya daktari. Mtoto mwenye usonji, kiziwi na aliyechelewa kusema tu, wote hufaidika nayo, hivyo mzazi anayebishana na jina hapotezi kitu akianza leo.

Dawa ya kuondoa usonji haipo. Wako wanaouza maji ya kuwanywesha watoto wakiyaita ya miujiza; mwaka 2019 idara ya chakula na dawa ya Marekani ilionya kwamba kunywa mchanganyiko wa namna hiyo ni sawa na kunywa dawa ya kupaushia, na mwaka huo huo magazeti yalieleza jinsi ulivyogawiwa hapa Uganda pia, ukisemwa kuwa hutibu malaria. Atakayewaletea chupa kambini, mleteni ofisini tumwone.

ZAMU NA SIKU YA KLINIKI

Linalobaki ndilo letu hasa. Kliniki ni Jumatano moja kila mwezi, na nauli ya boda boda na basi kwa watu watatu si kidogo. Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inampa mfanyakazi likizo ya siku 7 kwa kila miezi 4 ya kazi, lakini hizo ni siku za kupumzika, na ndugu yetu alikuwa anazimaliza zote hospitali. Mara mbili nyapara alimwandika mtoro. Tulilipeleka jambo kwa mwajiri, na sasa anaruhusiwa kubadilishana zamu na mwenzake akitoa taarifa siku tatu kabla na kuonyesha kadi ya kliniki. Ni ruhusa ya mdomo tu. Meneja akihamishwa, itahamishwa naye. Kwa hiyo katika mapatano yajayo tutataka iandikwe, kwa baba na kwa mama, na kwa mtoto yeyote mwenye kadi, si wa usonji peke yake.

Ili tuidai tunahitaji hesabu. Wanachama wenye watoto wanaohudhuria kliniki waje ofisi ya tawi Jumamosi yoyote kabla ya saa sita mchana, wakiwa na kadi ya mtoto na idadi ya siku walizokatwa mshahara tangu Januari. Muuguzi naye atakuwapo. Walio na karatasi za hospitali wasizozielewa wazilete pia.